Bomba la Kubebea Kichwa cha Joka

Shangazi yangu, Kam Yoke Lin, haliamini bomba mpaka alivunje kwanza. Hapa mjini Ipoh anatengeneza majoka ya kuchezwa mwaka mpya wa Kichina, yanayobebwa na watu juu ya miti: anasuka mbavu za henzirani, anavisha kitambaa, anachora magamba. Baba yake alimfundisha kufunga mbavu tu. Kichwa alimkataza kukigusa, kwani enzi zile kilikuwa mwiko kwa mwanamke. Mzee alipofariki vichwa vikakosa fundi, naye akavishika bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku hizi anayeukumbuka mwiko huo ni yeye peke yake, na anaucheka.

Mwaka huu shida ilikuwa bega la Chee Keong, mbeba kichwa wa kikundi cha mtaani kwetu. Kichwa hubebwa juu ya mwanzi mrefu na hakitakiwi kushuka mpaka ngoma iishe. Keong alianguka na pikipiki, bega likateguka. Kamati ikamwambia wazi: asipomaliza mazoezi ya Jumamosi, kichwa anapewa Wai Hong, anayekimbia nyuma yake, na hakitarudi.

"Shangazi, nitafutie mti mwepesi," Keong alimwambia. "Nikinyang'anywa kichwa nitafanya nini? Nipige matoazi?"

"Matoazi yanataka mtu mwenye sikio. Wewe huna."

Hata hivyo aliondoka saa ile ile kwenda duka la alumini, nami nikamfuata. Mwenye duka, Bwana Loke, alitupangia mabomba matatu mezani. La kwanza lilikuwa la fremu za madirisha, nene na zito. La pili lilikuwa jembamba, linang'aa, jepesi kama fimbo kavu. La tatu lilikuwa pana kidogo, lenye kuta nyembamba, wala halikuwa na sura ya kusifiwa.

"Chukua hili la pili, Bi Yoke Lin. Linatengenezewa baiskeli za mashindano. Gumu, halipindi ng'o!"

"Ndiyo maana naliogopa. Niletee vipande."

Alivibana kimoja kimoja kwenye jiliwa na kuvivuta kwa mikono miwili, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Cha madirishani hakikutikisika, lakini kwa uzito ule bora ubaki na mwanzi. Cha baiskeli kilikaza, kikakaza, kisha pa! Kikakatika, na pale kilipokatikia kikaota meno kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Cha tatu kilipinda taratibu, kikabaki kimepinda, kizima.

"Mama, unanunua bomba au unachagua mkwe?" Bwana Loke aliuliza.

"Mkwe mbaya unamrudisha kwao. Hili likikatika, nyuma ya Keong kuna koo la mtoto wa watu."

Alichukua la tatu, na kipande kifupi cha kuingia ndani yake, pale mti unapoingia kichwani, lisije likalegea kwa uzito.

Tuliporudi kwenye ukumbi wa kikundi tukakuta joka limeshafunguliwa macho. Mgeni wa heshima alikuwa anasafiri, kamati ikawahisha sherehe, naye akatia wino kwenye mboni asubuhi ile. Joka likishafunguliwa macho liko hai, na kuutoa mwanzi wa zamani ni lazima shingo ikatwe; hakuna anayethubutu kutia msumeno kwenye kitu kilicho hai.

"Basi tena," alisema mwenyekiti, Mzee Foong. "Abebe kwa mwanzi ule ule." Keong aliketi juu ya sanduku la matoazi.

Shangazi alichukua kitambaa chekundu, akalifunika joka macho, akaliinamia sikioni. "Lala kidogo, baba. Tunakutibu shingo tu, hutasikia kitu." Kisha akawageukia wanakamati. "Mbona mmesimama? Mgonjwa amelala. Nishikieni taya."

Wakashika, na Mzee Foong akiwemo.

Jumamosi ua ulikuwa na maji ya mvua. Keong alizungusha kichwa vizuri, uso umemkunjamana kwa maumivu, mpaka joka lilipoanza kujiviringisha. Wai Hong aliteleza, akaliangukia bomba la Keong, lililokuwa limeinamia nyuma, kwa koo, mwili mzima. Ngoma ikanyamaza. Kijana aliinuka akijipapasa shingo. Alikuwa na alama nyekundu, basi. Bomba lilikuwa limepinda kama mkono wa mtu anayenywa chai.

Kichwa bado kilikuwa juu.

"Nani kawaambia mnyamaze?" Keong alifoka. "Pigeni!"

Alimaliza mchezo na joka linalotazama pembeni, kama jirani anayesikiliza ugomvi wa watu. Watoto walicheka sana. Mzee Foong alilitazama bomba, akamtazama Wai Hong, ambaye mkono wake ulikuwa bado shingoni.

"Kichwa kinabaki kwa Keong," alisema.

"Kinabaki," shangazi alijibu, tayari anapima mpindo kwa viganja. "Ila kesho nabadilisha bomba. Safari hii kulibembeleza joka lilale ni kazi yako, mwenyekiti."