Jina la Wamaitha Kaburini

Malek nilimchukia tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Mwanamume mzima anavaa kofia ya mchunga ng'ombe ndani ya basi la Thamesmead, London, na hajawahi kukama hata mbuzi.

Nyimbo zilizompa jina si zake. Ni za Griffins, mume wa dada yangu. Griffins alilelewa Molo, kwenye ile baridi, na redio ya mamake, Wamaitha, ilikuwa ikipiga muziki wa country, ule wa wachunga ng'ombe wa Marekani, kila Jumapili wakimenya viazi. Hapa London anaosha wazee kwenye care home. Maneno humjia akikunja mashuka, huyaandika nyuma ya karatasi za zamu. Sauti hana, inakwaruza kama sufuria iliyoungua. Kwa hiyo miaka kumi na mmoja yeye aliandika, Malek akaimba kwenye harusi za Wakenya, na jina la Griffins hakulitaja hata siku moja. Nikilalamika, Griffins ananiambia, "Wachana naye, shemeji. Bora wimbo ufike."

Machi mwaka huu Wamaitha akafariki. Makaratasi ya Griffins ya uhamiaji yalikuwa bado hayajajibiwa, akitoka Uingereza hangeruhusiwa kurudi. Akatunga wimbo wenye jina la mamake kwenye kila kiitikio, Malek auimbe kupitia simu jeneza likishushwa Molo. Ndiyo maziko pekee aliyoweza kuyafanya.

Siku ya maziko tukakusanyika asubuhi kwenye ukumbi hapa London. Akaja pia bwana mmoja muuza mashamba, na Malek ana ile tabia ya wanamuziki wetu ya kusalimia wakubwa ndani ya wimbo, awataje wao na mama zao ili atuzwe pesa. Harusini sawa. Lakini siku hiyo, kiitikio kilipofika, kinyangarika yule alimchekea muuza mashamba, akaimba jina la mama wa huyo bwana badala ya Wamaitha. Nduta, mama aliye hai, mzima wa afya, yuko Kiambu na duka lake. Molo wakalisikia kwenye spika, wamesimama kaburini. Muuza mashamba akapiga makofi. 

Griffins akainuka, akamnyang'anya maikrofoni. Akaimba mwenyewe, Wamaitha, Wamaitha, vibaya kabisa.

Kwenye simu tukamsikia babake akiuliza ni nani huyo anayekwaruza hivyo.

"Ni mtoto wako wa London," mtu akamjibu.



"Basi msifukie," mzee akasema. "Ngojeni amalize."