Nilimfukuza Kaka Kazini kwa Ulevi

Nilimnusa kaka yangu mdomo mbele ya wafanyakazi arobaini. Hakunuka kitu.

Nikamfukuza hivyo hivyo.

Mimi ni msimamizi wa kiwanda cha kushona sare. Kaka, tumbo moja ziwa moja, ndiye alikuwa mkata vitambaa wetu. Fundi haswa. Lakini miezi ile alianza kuyumba, mabega yanaruka, uso unajikunja wenyewe. Siku hiyo mashine ya kukatia ikamponyoka, nusura imkate vidole mwenzake.

"Mdogo wangu, sijanywa. Naapa."

"Hata baba alikuwa anaapa hivyo hivyo."

Watu wakaangua kicheko.

Marehemu baba alikufa akiitwa Chupa. Mtaa mzima ulimjua kwa kuyumba na kunuka pombe.

Miaka miwili baadaye shemeji akanipigia simu. Kaka hawezi kumeza hata maji.

Hospitali, daktari alituita mimi na mama.

"Protini za mwili lazima zijikunje, kila moja kwa umbo lake. Kwake kuna moja inajikunja vibaya. Zinagandana, zinarundikana kwenye ubongo, seli zinakufa kidogo kidogo. Dawa ya kuponya hakuna. Na ni ugonjwa wa kurithi. Kuna mzazi aliyekuwa anayumba hivi?"

"Baba. Ila yule ilikuwa pombe, daktari."

Mama akajifunika uso kwa mtandio.

"Baba yako hakuwahi kuionja."

"Mama! Si alikuwa ananuka?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namnyunyizia pombe kwenye shati kila akitoka. Watu walishaanza kunong'ona karogwa, nyumba ina mkosi. Nani angewaoa dada zenu? Nikaona heri aitwe mlevi."



Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Kaka, nisamehe."

Midomo yake ilihangaika weee, sauti haikutoka. Siku ya nane tukamzika.

Dada zetu waliolewa kweli. Wana watoto saba kati yao. Daktari anasema kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.

Juzi nikawapigia dada zetu kuwaeleza. Mkubwa alikata simu. Mdogo aliuliza neno moja tu:

"Mama alijua?"

Damu yangu mwenyewe napimwa wiki ijayo.

Jamani, ndugu yako akikuapia, mpeleke hospitali kwanza, hukumu itakusubiri. Mimi nilianza na hukumu.