Jina la Deo Lisiguswe

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Biharamulo, nilikuta kompyuta imefunikwa khanga kama mtoto mchanga. Mganga Mkuu wa Wilaya akaniambia, "Fundi, iamshe taratibu. Mali bila daftari huisha bila habari, na dawa za hapa zinaisha hivyo hivyo." Mpaka leo nikisinzia mchana huiona ile khanga, na ukungu dirishani.

Nilipohamishiwa Ngara ndipo nikampata Deo, kijana wa kijiji cha Mbuba aliyejifunza kompyuta mwenyewe. Jioni, kwa muda wetu, tuliandika programu ya kuonya kwamba dawa fulani inakaribia kwisha zahanati. Ilikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, tuliuacha wazi, anayetaka auchukue, aurekebishe, augawe. Zahanati zikaipenda, hata ya Runazi kule Biharamulo. Kisha Deo akafariki kwa ajali ya pikipiki, kabla hatujaandika leseni, ile ruhusa ya kugawa. Tulidhani cha bure ni cha bure.

Mwanasheria wa Halmashauri hakuona hivyo. "Hakimiliki haifi na mtu," alisema. "Sehemu ya marehemu sasa ni ya warithi. Waridhie kwa maandishi, ama muiondoe programu katika zahanati zote."

"Lakini aliigawa kwa mdomo wake."

"Na huo mdomo nani atanithibitishia?"

Nilikasirika sana. Ukiing'oa sehemu ya Deo, iliyobaki haifanyi kazi, na wagonjwa wangerudi kuambiwa dawa hakuna.

Mbuba nilimkuta mama yake akianika maharage. Mrithi alikuwa yeye peke yake, na kompyuta hakuwahi kuigusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa hicho kitu chenyewe kikoje?"

Nikafungua kompyuta pale mkekani, nikamsomea mstari wa juu: Imeandikwa na Deo wa Mbuba. Akaweka kidole juu yake, akakipitisha herufi kwa herufi, nami nikaona kama kilima chote kimesinzia.

"Mwana wanje," alisema kwa lugha ya kwao, akimwita mwanawe. Kisha akanigeukia. "Mkiirekebisha, jina mnaweza kulifuta?"

"Tunaweza, mama."

"Basi chukueni, mgawe mpaka Burundi. Ila jina lisiguswe. Msalaba wa kaburi lake ulikuwa wa mti, mchwa wameshaumaliza."

Nikaandika leseni pamoja na sharti lake, naye akaweka dole gumba.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo Runazi. Ile sheria bado sijaisamehe. Inamtaka kijana anayegawa jasho lake awe mwanasheria kwanza, na ilibakia kidogo tu iizime kazi yetu. Lakini leo ndiyo inayolilinda lile jina, na hilo nalo sina budi kulisema. Nikiwa nusu usingizini kwenye benchi la zahanati, nikingoja dawa ya presha, muuguzi huwasha kompyuta na jina hutokea.

Juzi aliniuliza, "Mzee, huyu Deo yuko wapi siku hizi?"

"Yupo kazini," nikamwambia.