Mchinjaji Aliyebatizwa

Watu wakiniambia Uganda ni nchi ya Wakristo, kwa hiyo hakuna wa kumtesa Mkristo, huwa nawaacha waongee mpaka wachoke. Hawajafika uani kwetu, mtaani Makindye, kwenye nyumba tuliyoachiwa na baba, askari wa kaskazini aliyestaafu na cheo kidogo na dini kubwa. Uani humo Mkristo nilikuwa peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuchinja kuku sokoni. Hapa kwetu kisu hushikwa na Mwislamu. Hata Mkristo akinunua kuku wa sikukuu humtafuta Mwislamu amchinjie, ili mgeni yeyote ale bila kuulizauliza. Baba ndiye aliyenifundisha: mwelekeze kibla, taja jina la Mungu, kata. Nilichinja hivyo miaka mingi. Kisha nikabatizwa, na kwa ujinga wangu nikaendelea na kazi ile ile. Maneno ya baba sikuyataja tena, nikawa nachinja kimya, na katika kelele za soko hakuna aliyegundua. Hapo nilikosa, nakiri. Watu walikula nyama ile kwa kuniamini.

Kaka yangu mkubwa ni polisi, na habari za ubatizo wangu zilimfikia. Alikuja Jumamosi ya kuamkia Pasaka, foleni imefika kwa wauza nyanya. Alikuwa na sare yake, akapanda juu ya kreti la soda.

"Sikiliza nyinyi wote. Hii mtu iliacha dini. Kuku yake ni haramu. Mwenye anataka kula, shauri yake."

Waislamu walitema mate wakaondoka, na haki hiyo walikuwa nayo. Lakini Wakristo nao wakaondoka. Mama mmoja ambaye tulikuwa tukikaa naye benchi moja kanisani alimchukua kuku wake mikononi mwangu.

"Ndugu, shemeji yangu Muislamu anakuja kula Pasaka. Wewe unaelewa."

Nilielewa, na nilimchukia kuliko wote walionitemea mate.

Jioni nilikuta godoro langu limetupwa mferejini. Nilipouliza, binamu zangu wawili walinipiga mbele ya mlango wa baba, kaka akitazama. Nilikwenda kituoni nikiwa na jino langu kiganjani. Askari wa zamu, rafiki wa kaka, hata kalamu hakushika.

"Hiyo ni mambo ya nyumbani. Enda mmalize nyumbani."

Jino lenyewe lilikuwa limeng'oka huko huko nyumbani, lakini sikujisumbua kumweleza. Nikapanga chumba mtaa wa Katwe, katikati ya mafundi wanaogonga mabati kutwa nzima. Meza yangu ya sokoni nilibaki nayo, nikiuza kuku hai, maana hakuna aliyetaka kisu changu.

Hayo yote ningeyavumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kumpoteza mama, aliyebaki uani kwa baba. Kila kitu nilichompelekea kilirudishwa, hata ndizi, ambazo hakuna anayezichinja. Nikamchukia kaka, nikaanza kumchukia na mama, kisha nikajichukia kwa hilo.

Asubuhi moja mama alikuja sokoni mwenyewe, amebeba kuku jike, miguu imefungwa kwa kitambaa. Akamweka mezani kwangu. Wauzaji wa jirani wakageuka kutazama.

"Chinja," alisema. "Sema jina la Mungu vile baba yako alikufundisha, basi leo tunakula pamoja."

"Mama, mimi siwezi tena."

"Mimi siombi uamini. Mimi naomba useme."

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimelidanganya soko zima kwa kunyamaza, nami nilimtaka mama kuliko nilivyotaka kuwa mkweli. Lakini alinitazama usoni kama anayemngoja mwanawe arudi, na mwana aliyekuwa akimngoja hakuwa mimi. Nilimfungua kuku, nikamwelekeza kibla kwa heshima ya mama, nikakata bila neno.

Mama alisimama akisikiliza mpaka kuku alipotulia. Kisha akachukua kitambaa chake, akakikung'uta, akakikunja mara mbili, akaondoka. Kuku alimwacha mezani. Nilimnyonyoa mbele ya wote waliokuwa wakinikodolea macho, nikampika Katwe, nikamla peke yangu siku mbili, nina hasira nao wote, na kila tonge nilimtengea mama kwanza kabla ya kukumbuka kwamba hayupo.