Nauli ya Mke, Mara Moja

"Nauli ya kumleta mke wa mfanyakazi itarudishwa mara moja, isizidi nauli ya lori ya mtu mmoja na mzigo mmoja wa kichwani."

Hivyo ndivyo ulivyosema mkataba wangu wa kwanza kwenye mgodi wa madini ya risasi, Mpanda, miaka ile ya hamsini. Nauandika hapa kama ulivyokuwa, maana sentensi hiyo niliihifadhi kichwani kabla haijanigusa, na sijaisahau tangu iliponigusa.

Kusoma nilijifunza katika darasa la katekisimu huko kwetu Karema, na baada ya hapo hakuna aliyenifundisha. Nilisoma makaratasi yaliyofungiwa sukari, tangazo la kodi lililobandikwa mlangoni kwa jumbe, na maandishi ya kwenye magunia. Kwa hiyo siku ya kuandikishwa kazi, wenzangu niliosafiri nao kutoka ziwani walinisogezea mkataba niwasomee kabla hawajabonyeza dole gumba. Niliwasomea kipengele kwa kipengele. Nilipofika kwenye nauli ya mke niliwaeleza kwamba mara moja maana yake bila kucheleweshwa: ukileta cheti cha nauli kutoka kwa dereva leo, leo hiyo hiyo unarudishiwa. Walifurahi. Mmoja alisema mwajiri anayejua haraka ya mtu mwenye ndoa changa ni mwajiri mwema.

Na ilionekana kuwa kweli. Kiangazi hicho mke wangu alikuja juu ya lori la dagaa wakavu, kitambaa amejifunga mpaka puani kwa ajili ya vumbi, chungu cha mama yake amekikumbatia. Nilikwenda na cheti dirishani kwa karani wa malipo, Mnyamwezi mmoja mwenye sauti nzito, aliyetutania sisi watu wa ziwani kila tulipopita. Alinilipa papo hapo. Ila nauli ya chungu alikataa.

"Mzigo mmoja wa kichwani," alisema. "Shemeji ana furushi na chungu. Angekuwa na vichwa viwili, mtani, ningelipa viwili."

Tulicheka, nami nikaondoka nikiamini kwamba nimeuelewa mkataba wote, mpaka wake na haraka yake.

Tulipewa chumba katika safu ya wenye wake. Kazi yangu ilikuwa kukata na kuchonga nguzo za kuegemezea dari za mashimo, na nikirudi mikono inanuka utomvu wa miombo. Yeye alinisubiri mlangoni, ameketi chini, miguu ameinyoosha. King'ora cha zamu kilipolia alikuwa akisema, "Nyie mnaitwa kama mbuzi, na mnaitika." Ugali wa mahindi tuliogawiwa aliuita ugali wa kuazima, kwa sababu kwao ugali ni wa muhogo, na huo mwingine, alisema, hauagani na tumbo, unaondoka tu. Jioni alipika katika chungu kile migebuka, samaki wa ziwani kwetu aliokuja nao, akakata kila mmoja vipande vidogo ili wasiishe upesi. Nikijaribu leo kukumbuka tulizungumza nini jioni zile, sipati mengi. Nakumbuka zaidi kwamba kulikuwa na mtu wa kumwambia.

Alipopata mimba tulijua atakwenda kwao. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Na mke aliyejifungulia kwao hajirudishi. Mume humfuata mwenyewe, na kitenge cha mama mkwe mkononi. Akijirudisha, hata watoto wa jirani watasema alimkimbilia mwanamume. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka mjini, Kashaulili, ambako lori lilikuwa likipakiwa chumvi na mafuta ya taa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nauli ya kumrudisha ipo kwenye mkataba, nayo hulipwa mara moja.

"Usichelewe tu," alisema. "Mimi sijirudishi."

Habari za mtoto zilinifikia kwa mdomo wa dereva. Alishusha magunia yote kwanza, akajifuta jasho, ndipo akaniambia ni msichana, ana afya, na mama yake anasema kitenge kisiwe chekundu, mama mkwe hapendi chekundu.

Fedha za safari sikuwa nazo. Sehemu ya mshahara wetu iliwekwa na mgodi mpaka mwisho wa mkataba, na iliyobaki ilitosha sabuni na chumvi. Kulikuwa na mwenye duka Kashaulili, Mwislamu mpole, aliyekuwa akiwakopesha wafanyakazi nauli, nao wakimlipa wakisharudishiwa. Aliniambia nimletee neno la karani tu, basi. Nilikwenda dirishani siku ya mshahara, foleni ndefu nyuma yangu.

"Umeshalipwa, mtani," karani alisema.

"Nililipwa ya kuja. Sasa namfuata tena, amejifungua."

"Hongera. Lakini umeshalipwa." Alichukua mkataba, akaweka kidole. "Soma hapa."

Nilisoma. "Itarudishwa mara moja."

"Basi?"

"Basi, mara moja. Sasa hivi. Bila kuchelewesha."

Aliupitia mstari tena kwa kidole. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia ikisomwa hivyo. "Mara moja," alisema polepole, "si mara mbili."

Nyuma yangu mzee mmoja wa kusukuma matoroli alikuwa wa kwanza kuelewa. "Kumbe mke mwenyewe ni wa mara moja!" alisema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Mwingine akasema, "Basi ungempenda polepole, asiishe." Wale niliowasomea siku ya kuandikishwa walikuwa humo pia. Wao hawakucheka. Wawili wao wake zao walikuwa wamekwenda kwao kama wangu.

Karani hakuniacha hivyo. Alifunga dirisha, akaenda kwa bwana mkubwa wa malipo, akarudi na jibu kwamba maandishi ya Kiingereza yanasema safari moja kwa kila mkataba, na palipo na tofauti, Kiingereza ndicho kinachofuatwa. Aliyetafsiri alikuwa ameshahamia kwingine. Hakukosea, wala mimi sikukosea. Maneno mawili yale yanabeba maana zote mbili, na hakuna mahali penye nafasi ya kuuliza kwenye karatasi.

Nimewaza sana juu ya jambo hili, hasa tangu nilipoanza mwenyewe kuandikia watu makubaliano ya kazi: mwenye mitumbwi na wavuvi wake, mwenye lori na utingo wake. Mpaka wa gharama si ubaya. Mwenye fedha asipoweka mpaka ataogopa kuahidi chochote, na aliyeajiriwa atabaki kuomba kila mara kama mtoto. Nami huuandika: safari ngapi, za nani, kutoka wapi mpaka wapi, na kwa cheti gani. Ninachokataa ni mpaka ambao mtu anaugundua siku anapojigonga nao. Kwa hiyo maneno hayo, mara moja, siyaandiki. Naandika safari moja tu, halafu namwomba atakayetia sahihi anieleze yeye, kwa maneno yake, nimeandika nini. Wengine huona ninawachelewesha.

Siku ile, lakini, sikuwa na hekima hiyo. Nilikuwa na mke na mtoto mbali, na karani alinipa njia moja tu. "Mkataba mpya una mara moja yake," aliniambia, safari hii bila utani. "Maliza huu. Ukisaini mwingine, nitampa mwenye duka neno langu."

Masika yalianza. Barabara ya kwenda ziwani ilikatika baada ya Kabungu, malori yakasimama, na habari zikasimama nayo. Sheria ya kambi ilisema chumba cha mwenye mke asiyekuwepo hurudishwa, kwa hiyo nilihamia kwenye banda la wasio na wake. Nilihama na chungu alichoniachia mke wangu. Wenzangu walicheka mwanamume mwenye chungu, kisha wakazoea, na jioni moja mmoja wao aliomba akitumie kuchemshia maharage. Nilikataa. Alinuna, nami sikuweza kumweleza kwamba ndani yake bado mlikuwa na harufu ya migebuka, na maharage yangeiondoa.

Nilimwaza mtoto bila kuwa na sura ya kuwaza. Nilimpa sura ya mama yake, lakini ndogo, na hiyo haikukaa. Mke wangu ndiye aliyekaa. King'ora kikilia nilimsikia. Nikinyoosha mti kwa shoka nilijikuta nimeanza kumweleza jambo, mti huu ni wa aina gani, mnyapara amesema nini, halafu nanyamaza katikati kwa kuwa niliyokuwa nayo ni magogo. Barabara ilipofunguka tena dereva aliniletea furushi la samaki na salamu fupi: amesema anaendelea kukaa kwao. Nilizigeuza salamu hizo siku nyingi, nikitafuta kama ndani yake mna hasira. Mpaka leo sijui.

Mkataba ulipoisha nilisaini mwingine siku hiyo hiyo, wa miaka miwili. Karani alitoa neno lake, mwenye duka akatoa fedha na kitenge cha kijani. Nilifika kwa wakwe zangu jioni. Mama mkwe alikuwa amevimba mguu, anatembea kwa kushika ukuta. Mtoto alikuwa amekwisha kujua kusimama. Aliniona, akajificha nyuma ya khanga ya mama yake, na mama yake hakumsukuma mbele. Aliniambia tu, "Umekuja." Nilijibu nimekuja. Usiku ule tulikula ugali wa muhogo, nami nikala kama mtu aliyepona.

Tulirudi Mpanda watatu, na mzigo mmoja wa kichwani. Tulipewa chumba kingine, safu ile ile. Nilikuwa nimepata nilichokitaka kwa masika yote, na siku za mwanzo nilikuwa nikiamka kabla ya king'ora ili niwaone tu wamelala.

Jioni moja, mtoto akiwa ameshalala, aliniomba nilete mkataba. Hakujua kusoma, wala hakuwahi kuuliza juu ya karatasi hiyo kabla.

"Nisomee pale penye mimi," alisema.

Nilimsomea. Safari hii walikuwa wamesahihisha: mke mmoja, safari moja, kwa muda wote wa mkataba.

"Safari hiyo moja ndiyo hii niliyokuja nayo?"

"Ndiyo."

"Na mama akizidiwa, wameandika wapi?"

Niligeuza ukurasa, ingawa nilijua hamna. Nilimweleza juu ya posho, juu ya matibabu ya mfanyakazi, juu ya nauli yangu mwenyewe mwisho wa miaka miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

"Basi nimeshafika," alisema.

Hakulia, wala hakunilaumu. Lakini tangu jioni ile ilikuwa zamu yake kukatisha maneno katikati, na mimi nilijua ni mama yake anayezungumza naye. Asubuhi yake aliniomba jembe. Mnyakyusa mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa na kipande cha ardhi Misunkumilo ambacho hakukilima, akatuachia. Nilidhani mke wangu atapanda mahindi, yanayokomaa upesi, kama wanawake wengine wa kambi ambao hawakujua watakuwepo mpaka lini. Nilipotoka zamuni nilimkuta ameinama, mtoto mgongoni, anachomeka vipande vya miti ya mihogo, zao la kungoja mwaka na zaidi, katika matuta, kimoja kimoja, akikikanyagia udongo kwa kisigino kabla hajasogea kwenye kingine. Nilishika kifungu cha miti nikaanza upande wa pili wa shamba, nikimfuata.