DNA ya Kidonda

Jumanne iliyopita nilipanga foleni kwenye dirisha la maabara ya hospitali, Malindi. Mbele yangu alisimama kibarua wa chumvi kutoka Gongoni pamoja na mkewe. Kidonda cha mguuni mwa mume kilikuwa kimekataa kupona, dawa baada ya dawa.

Mhudumu alimsukumia fomu. "Tia sahihi hapa, baba. Nyama ya kidonda itapelekwa kupimwa DNA."

Mke aliifunika fomu kwa kiganja. "DNA? Kumbe mguu ni kisingizio! Wawatilia shaka wanangu?"

"Mama watoto, mimi nimeleta mguu tu," mume alijitetea, kalamu ikiwa hewani.

"Si watoto, mama," mhudumu alisema. "Ni DNA ya fangasi iliyomo kidondoni. Kwa darubini aina nyingi zinafanana, na tukikosea aina, tutakosea dawa. Mguu huenda ukakatwa."

Mke alinigeukia. "Binti, waonekana umesoma. Fangasi nayo ina DNA?"

Nilimwambia inayo.

"Basi ina baba?"

Nimemaliza chuo kikuu, na sikuwa na hakika.

Alikiondoa kiganja polepole, kidole kimoja kimoja. "Haya, tia sahihi. Mguu huo ndio unaotulisha." Kisha akainama dirishani na kunong'ona, "Majibu yakitoka, nipigieni mimi kwanza."

Simlaumu. Hata sisi waandishi wa magazeti huitaja DNA pale tu mwanamume anapomkana mtoto.