Mei ya Dokta Twalibu

Tangini, mtaani Kibaha, ukivaa koti jeupe ukasimama nyuma ya kaunta yenye Panadol na dawa mseto, wewe ni dokta. Hakuna atakayekuuliza umesomea wapi. Twalibu alikuwa muuza dawa, basi. Lakini kwa miaka kumi na mbili aliitikia "Dokta" bila kupepesa macho, na mteja akimwita kaka, masikio yake yaliziba ghafla.

Yasmin, mpwa wake kutoka Gwata, alimsaidia dukani, na kadiri alivyomjua ndivyo alivyomdharau. Si kwa kuuza dawa. Kazi ni kazi. Alimdharau kwa lile neno lake la "mwakani". Mjomba alikwama Fizikia ya kidato cha sita tangu enzi hizo, na kila mwaka aliwatangazia wateja kwamba mwakani anarisiti, anaurudia mtihani, anaingia chuo, anarudi daktari wa kweli. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Yasmin moyoni, huku mdomoni akisema shikamoo mjomba.

Shida ni kwamba Yasmin naye alikuwa na Fizikia yake. Alipata E, na udaktari unataka D kwenda juu. Matokeo yalipotoka tu alitaka kurisiti. Mjomba akamketisha, akamweleza kwamba mtihani haukimbiliwi kama pilau la harusi, ajiandae kwanza. Akajiandaa. Mwaka uliofuata akaambiwa haraka haraka haina baraka. Akangoja tena, maana mama yake alimwambia amsikilize mjomba, katika ukoo mzima nani mwingine anayajua mambo hayo? Wenzake sasa wako vyuoni, wanaweka picha wakiwa na makoti meupe yasiyo ya dukani.

Mwaka huu, zikiwa zimebaki siku tatu usajili ufungwe, mjomba akaanza tena.

"Mwaka huu pumzika, Yasmin. Mwakani tutafanya wote, mimi na wewe."

Yasmin aliinamisha kichwa kuficha msonyo. Mtu mzima mwoga kiasi hiki, na bado anataka mwenzi wa kuogopa naye! Kesho yake alidanganya kwamba mama anaumwa Gwata, akapanda gari mpaka Kisarawe. Kibaha angeweza kujisajili pia, lakini Kibaha wangemwona, na akifeli Tangini yote ingejua.

Kwenye ofisi ya shule alikoelekezwa, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alikuwa mjomba. Bila koti alionekana mfupi. Alikuwa amefunga duka, akijua mpwa wake yuko Gwata.

Mwalimu Elinipa, aliyekuwa akiandikisha, alimpokea kama jamaa yake, akamtania kwamba hii sasa ni mara ya nane, shule itampa ualimu. Kumbe kila Mei, mwezi wa mtihani, alipoaga kwamba anakwenda kuangalia mikorosho Kurui, alikuwa hapa, amekaa kwenye dawati kati ya watoto wa watu, anafeli.

Yasmin aliona haya. Mtu aliyemwita mwoga alikuwa ameingia chumba cha mtihani mara saba. Yeye, pamoja na jeuri yake yote, hakuwa amerudi humo hata mara moja tangu ile E. Karibu amhurumie. Kisha akazikumbuka zile nasaha.

"Mjomba, wewe unafanya kila mwaka," alisema. "Mimi ulinizuia kwa nini?"

Twalibu aligeuka, akamwona, akatazama mlango. Hakukataa wala hakusingizia chochote, na hilo lilikuwa jambo pekee la kiume alilolifanya siku ile.

"Ungefaulu," alisema. "Halafu mbele ya wateja wangu ningekuita nani?"

Ile huruma ikayeyuka papo hapo. Miaka miwili ya maisha yake imeliwa ili mtu mmoja aendelee kuitwa jina lisilo lake, na Yasmin mwenyewe ndiye aliyeipakua kwenye sahani, akaitikia ndiyo mjomba. Hakujua amdharau nani zaidi.

Alimpita bila kuomba radhi, akaweka cheti mezani. Mwalimu Elinipa alikitazama, akamkumbusha kwamba Mei si mbali, na wengi wanaokuja dakika za mwisho huishia kulia. Akamuuliza kama ana uhakika ni mwaka huu.

Yasmin alimjibu kwamba uhakika hana, aandike tu.